Mbao Ilikuwa Bado na Maji

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba nilipelekwa Garsen kwenda kutazama vitu vikizeeka. Sijui namna nyingine ya kuieleza kazi ile. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa shahada ya pili ya uhandisi, na profesa aliyenisimamia alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza mapaa na matangi ya maji kwa nyuzi za mkonge, badala ya zile nyuzi za kioo zinazoagizwa ng'ambo. Unazilaza nyuzi tabaka juu ya tabaka, unazipaka resini, yaani gundi ya majimaji ambayo ukiitia dawa yake huganda ikawa ngumu kama pembe. Unapata kitu chepesi kisichoshika kutu. Maabara ya Nairobi ilikuwa imeshaonyesha kwamba kitu hicho kina nguvu. Lililokuwa halijulikani ni kitakaa muda gani nje, penye jua kali na unyevu wa mto. Profesa akatazama ramani, akaweka kidole penye Mto Tana.

"Wewe mkonge unaujua," aliniambia.

Ni kweli niliujua. Kwetu ni Taita, na mama yangu alikuwa kibarua katika shamba la mkonge tangu kabla sijazaliwa. Nilizishika nyuzi zile kabla ya kushika kalamu. Kwa hiyo nilijiona nimechaguliwa, na kwa furaha hiyo sikuuliza nitakuwa huko na nani. Sikuwa na mtu.

Nilipewa kona katika ua wa ofisi moja ya serikali, pamoja na stoo ya mabati na chumba cha kulala kilichoungana nayo. Nikajengewa kichanja cha chuma kilicholala upande kama paa, na juu yake nikafunga vipande vyangu, kila kimoja na namba yake. Kila Jumatatu nilishusha vichache, nikavifuta vumbi, nikavipima uzito na unene, nikaandika daftarini. Kila mwisho wa mwezi nilivunja kadhaa. Mashine ya kuvunjia ilikuwa Nairobi. Mimi nilikuwa na mawe mawili, ndoo na mchanga. Nililaza kipande juu ya mawe, nikatundika ndoo katikati, nikamimina mchanga kikombe kwa kikombe hadi kikasema ta! Kisha nikapima mchanga ulioingia.

Kazi yenyewe haikunichosha. Kilichonichosha ni kwamba iliisha saa nne asubuhi. Baada ya hapo palikuwa na mchana mzima, na mchana wa Garsen ni mrefu. Wafanyakazi wa ofisi walikuwa watu wema, lakini Ijumaa ikifika kila mmoja alikuwa na kwake, huyu Hola, huyu Malindi, na ua ulibaki na mimi na kunguru. Sokoni watu walinisalimu kwa Kiswahili, wakanijulia hali vizuri, halafu wakageuka wakaendelea na Kipokomo chao, au Kiorma, au Kisomali, na mimi nikabaki nimesimama na kikapu changu. Hakuna aliyenitenga. Walikuwa tu na maneno yao ya kumalizia.

Mtu niliyemwona kila siku alikuwa mama mmoja wa Kiorma aliyepitisha maziwa. Kwa miezi mitatu ya kwanza alikuwa na swali moja tu. Alikiangalia kichanja, akaniangalia mimi, akasema, "Nyama iko wapi?"

"Hakuna nyama, mama. Ni hivi vipande tu."

"Kichanja bila nyama," alisema, na akanisikitikia kwa dhati.

Nilianza kuzisoma namba kwa sauti nilipokuwa nikipima. Nilijiambia ni kwa ajili ya kutokosea. Barua za profesa zilikuja kila mwezi, kisha baada ya miezi miwili, kisha zikaacha kuja. Mimi niliendelea kutuma zangu.

Mwenye mtumbwi alikuja mwezi wa nane. Alikuwa Mpokomo wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekuja ofisini kwa shughuli zake, akamkosa aliyemtafuta, akasimama kwenye kichanja changu kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

"Hii ni kazi gani, mwanangu?"

Nikamweleza. Sikuwa nimeongea sana kwa siku kadhaa, na nadhani nilieleza zaidi ya ilivyohitajika. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo serikali imekuweka hapa uangalie vitu vikizeeka."

"Ni chuo, baba, si serikali. Lakini ndiyo."

"Na mimi nazeeka. Mbona hunipimi?"

Nilicheka mpaka nikajishtua. Naye akacheka kidogo, kisha akaingia kwenye jambo lake. Alikuwa na mtumbwi, wa mwembe, aliouchonga mwenyewe na kaka yake. Ulikuwa umepasuka mbele, ufa mrefu kama mkono wangu. Alikuwa akiuziba kwa lami na matambara, na kila wiki ulifunguka tena. Mti wa kuchonga mwingine ulikuwa haujapatikana, na shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mto. Alisikia kwamba mimi nina gundi isiyopitisha maji.

"Ile gundi yako itaweza?"

Resini nilikuwa nayo, iliyobaki nilipotengeneza vipande vya ziada. Nyuzi nilikuwa nazo. Nilimwambia auvute mtumbwi hadi nchi kavu, aufunike kwa makuti usichomwe na jua, auache ukauke. Resini haishiki mbao yenye maji. Inaweza kukudanganya kwa siku chache, lakini haishiki.

"Ukauke kwa muda gani?"

"Miezi miwili. Au mitatu."

Alihesabu kwa vidole. Mwezi wa kumi alitaka kuwa shambani. Nikasema tutaangalia.

Basi akawa anakuja. Jioni baada ya jioni, jua likianza kulegea, alipita uani, akakaa kwenye debe nililomgeuzia, akaniarifu mtumbwi unaendeleaje kama mtu anayeleta habari za mgonjwa. Wakati mwingine alileta ndizi, au kambare mmoja mkavu. Alinifundisha maneno ya Kipokomo, nikayatamka vibaya, akayarudia polepole. Aliniuliza habari za mama yangu na za mkonge, unavyokatwa, unavyopondwa, unavyoanikwa. Alikuwa na dada mkubwa, mjane, aliyemlea yeye baada ya wazazi wao kufariki, na kila jambo alilolitaja lilianza na dada yake alivyosema. Nilianza kupika chai ya watu wawili kabla hajafika. Akichelewa niliifunika na kuiweka pembeni ya jiko.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa akasema hawezi kungoja tena. Kulikuwa na fundi mmoja upande wa chini ya mto aliyekuwa tayari kumpigilia bati. "Lakini nilitaka kwanza nikuulize wewe," alisema.

Tulikwenda pamoja kuutazama mtumbwi. Nilichonga kibanzi kutoka ndani ya ufa, nikakifunga kwenye karatasi ya nailoni, nikarudi nacho. Nikakipima. Nikakikausha kwenye kikaango juu ya jiko la makaa, nikakipima tena, nikatoa uzito wa pili kwenye wa kwanza. Mbao ilikuwa na maji. Si kidogo. Kwa juu ilikuwa imekauka hadi ikawa nyeupe, lakini ndani ilikuwa mbichi bado, na hakuna kitabu nilichosoma ambacho kingeniruhusu kupaka resini pale.

Niliiandika ile namba daftarini. Kisha chini yake nikaandika: "Inatosha."

Nimejaribu mara nyingi kujisingizia kwamba sikujua. Nilijua. Pia nilijua kwamba nikimwambia hapana atakwenda kwa fundi wa bati, na sababu ya kupita uani kwangu jioni itakuwa imekwisha. Sikuliwaza kwa maneno hayo wakati ule. Niliwaza jioni ya kesho yake bila mtu kwenye lile debe, na mkono ukaandika.

Tulikifanya kiraka kwa siku tatu. Nilisugua mbao kwa msasa, nikaisafisha, nikakata nyuzi nikazipanga. Katika joto lile resini haikungoja mtu. Ukiitia dawa tu ilianza kuchemka yenyewe ndani ya kopo, hivyo nilichanganya kidogo kidogo na kupaka haraka, na yeye alisimama upande wa upepo akinipa nyuzi, pua ameiziba kwa kanzu. Kiraka kilipoganda alikigonga kwa kidole. Kilitoa mlio kama wa kibuyu kizuri. Akanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kutazamwa nayo na mtu yeyote, hata profesa.

"Mwanangu, mkono wako una baraka," akasema.

Nikainama kufuta kopo la resini.

Aliushusha mtumbwi majini, na haukuvuja. Kwa majuma kadhaa haukuvuja. Alipita kuniambia, kisha akapita mara moja moja, kisha shamba likamshika. Kiti changu cha debe kikabaki bila mtu kama awali, na mimi nikawa sasa na jambo la kuhofia zaidi ya upweke wenyewe.

Halafu ikaja ile mvua ya Elnino. Wengi wanaikumbuka kwa namna zao. Mimi nakumbuka kwanza ukimya. Simu ya posta ilikatika, barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola na Garissa ikakatika, na Garsen ikawa kisiwa chenye watu wengi kuliko ilivyozoea. Mto haukuja kwa kishindo. Ulipanda ukaenea tambarare, ukaingia mashambani, ukaingia majumbani, kila asubuhi ukawa umesogea. Waorma walileta ng'ombe waliobaki kwenye miinuko. Wapokomo waliingia na mitumbwi iliyojaa kuku, masufuria na watoto. Chakula kilianza kuletwa kwa helikopta. Maji yalifika kwenye kichanja changu, yakapanda nusu yake. Maagizo yalikuwa nisiviondoe vipande kwa sababu yoyote ile, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Niliviacha. Nilikuwa naingia majini hadi kiunoni kusoma namba.

Mmoja wa wafanyakazi wa ofisi ndiye aliyeniambia kwamba yule mzee wa mtumbwi amezama na dada yake, na kwamba wametolewa, na wako kwenye mahema ya zahanati yaliyopigwa penye mwinuko.

Nilimkuta amekaa nje ya hema, nguo bado zina tope. Alinipa mkono. Alinieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa amekwenda kumchukua dada yake, ambaye alikuwa amekataa kuondoka nyumbani hadi maji yalipoingia kitandani. Akapakia magunia ya mpunga, vyombo na dada mwenyewe. Katikati ya mkondo alihisi miguu imelowa. Akatazama mbele akaona kiraka kimeinuka ukingoni na kinapepea. Kisha kikabanduka kizima kikaenda na maji.

"Hakikuvunjika," alisema, kana kwamba ananiletea habari njema. "Kilikuwa kizima kabisa. Kiliachia tu."

Mtumbwi ulijaa ukapinduka. Yeye alimshika dada yake, wakachukuliwa hadi kwenye mti, wakakaa juu yake hadi asubuhi ya pili ndipo mtumbwi mwingine ukawaona. Dada alikuwa amekunywa maji mengi, na sasa kifua kilimbana na homa haikushuka. Mpunga wote ulikwenda. Mtumbwi nao ulikwenda.

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa nitapoteza nguvu. "Baba, mbao ilikuwa bado na maji. Nilipima. Nilijua."

Akainua macho.

"Ulijua lini?"

"Kabla."

"Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu, na yote yangekuwa uongo. Nikasema, "Ungeenda kwa fundi wa bati. Ungeacha kuja."

Sidhani alitegemea kusikia hivyo. Aliangalia upande wa maji, akapangusa uso kwa kiganja. Hakunitukana, wala hakuniambia, "Si neno." Baadaye akasema, "Ngoja nimwangalie mgonjwa," akainama akaingia hemani.

Nilirudi kwangu. Sijui nilifanya nini siku ile. Kesho yake nilipika uji wa unga uliogawiwa, nikatia maziwa ya yule mama wa Kiorma, ambaye sasa alikuwa na ng'ombe wawili tu na bado alinipimia kikombe, nikaupeleka hemani. Mzee hakuwapo. Dada yake alikuwa amelala kwa ubavu, mwanamke mkubwa wa mifupa, macho yake yakiwaka homa. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Nilimwinua, nikamnywesha. Nikarudi siku iliyofuata, na iliyofuata, kwa majuma matatu hivi.

Alidhani mimi ni wa zahanati. Nilikuja kujua hivyo kwa sababu siku moja alinionyesha kidonda mguuni, na alingoja nikitibu. Nikamwita muuguzi. Mzee alikuwapo, akatafsiri, na hakumsahihisha.

"Hujamwambia?" nilimuuliza tulipotoka nje.

"Nimwambie ili iweje? Apate homa nyingine?"

Kwa hiyo yule mama aliendelea kunishika mkono. Alikuwa na tabia hiyo: akimaliza kunywa hakuuachia mkono, aliukalisha juu ya blanketi ndani ya wake, akafumba macho. Nilikuwa sijashikwa mkono namna ile tangu niondoke kwetu. Niliutamani mkono ule asubuhi kabla sijauchemsha uji, na kila nilipoupata nilijua haukuwa haki yangu. Mzee aliketi mlangoni. Alinisalimu alipopaswa kunisalimu, akanishukuru kwa uji, na zaidi ya hapo hakusema. Habari za mama yangu hakuuliza tena.

Dada alipona. Maji yalipoanza kushuka, mwaka mpya umeshaingia, walirudi kwao na watu wao wengine. Hawakuniaga, waliondoka alfajiri kwa mtumbwi wa jamaa, nami nikakuta hema limefagiliwa.

Nilichimbua kichanja changu kutoka kwenye matope. Vipande vilivyokaa majini vilikuwa vimevimba na kubadilika rangi. Nilivivunja kimoja kimoja kwa mawe na ndoo, na vingi havikufika hata nusu ya mchanga wa zamani. Nyuzi zilikuwa zimekunywa maji zikavimba, kisha jua likazikausha zikasinyaa, na resini ikabaki imezizunguka bila kuzishika. Niliandika yote. Safari hii sikuandika neno lolote chini ya namba.

Barua ikaja mwezi wa tatu. Haikutoka kwa profesa. Ilitoka kwa katibu wa idara. Profesa alikuwa amehamia chuo kingine nje ya nchi tangu katikati ya mwaka uliopita, mradi ulikuwa umesimamishwa, na ilidhaniwa kwamba nilikuwa nimeshaarifiwa. Niliisoma nimesimama posta. Nilijaribu kuhesabu barua nilizokuwa nimemwandikia tangu aondoke, nikaacha.

Kabla sijaondoka nilivuka kwenda kijijini kwa yule mzee. Aliyenivusha alinionyesha njia, nikapita katikati ya migomba iliyolala chini, na kabla sijaona nyumba nikasikia shoka. Mzee alikuwa anachonga mtumbwi na kaka yake, yule aliyechonga naye wa kwanza. Gogo lilikuwa mwembe mkubwa ulioangushwa na mafuriko. Aliponiona alisimamisha shoka.

"Karibu," akasema. "Leo hukuleta uji."

"Leo nimekuja kuaga. Na nataka nimwambie dada. Nisaidie kutafsiri."

Alifikiri. Akaweka shoka chini, akanipeleka. Dada yake alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mpunga wa msaada, amenenepa kidogo. Alinitambua upesi, akanivuta nikae kwenye mkeka kando yake, akaushika mkono wangu. Nikasema yote, nikimtazama yeye na si mzee: kibanzi, kikaango, namba, neno nililoliandika, na kwa nini. Nilichukua muda. Mzee alisubiri nimalize. Kisha akatafsiri.

Ilikuwa fupi mno. Sentensi mbili, labda tatu. Maneno machache ya Kipokomo niliyokuwa nimejifunza hayakuwa ndani yake, ila moja, ambalo nadhani lilikuwa "mtumbwi", na hata hilo sina hakika nalo. Dada yake alinitazama usoni, akacheka kwa upole, akasema neno refu, akaupigapiga mkono wangu.

"Anasema nini?"

"Anasema ukifika kwenu umsalimie mama yako."

Nilimtazama. Alinitazama. Sikumuuliza alikuwa ametafsiri nini, naye hakuniambia. Tulikula ndizi zilizopikwa kwa samaki, akanisindikiza hadi mtoni, akangoja nivuke. Juma lile nilipanda basi la Malindi katika msafara uliolindwa na askari dhidi ya majambazi wa njia ile, daftari zangu zikiwa mapajani.

Nilimaliza tasnifu mwaka wa tisini na tisa chini ya msimamizi mwingine. Iliongelea nyuzi za mkonge zinavyoachana na resini zikiloweshwa na kukaushwa, na ilipita. Katika rasimu ya kwanza niliweka aya moja kuhusu kiraka kilichopakwa juu ya mbao mbichi, kikabanduka kizima baada ya majuma machache. Mtahini aliizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni kwamba haina vipimo vya kutosha na haijulikani ilifanywa wapi wala na nani. Alikuwa sahihi kwa mujibu wa kazi yake. Niliiondoa.

Nilimwandikia yule mzee mara mbili, kwa kupitia shule ya karibu na kwao. Sikupata jibu, na sijui kama barua zilifika.